Kuwaka si Kufanya Kazi: Kupima Mfumo Endeshi wa Majaribio Kwenye Wekstesheni

Mfumo endeshi unapohamishiwa aina mpya ya mashine, habari ya kwanza kusambaa huwa moja: "Umewaka!" Picha ya skrini yenye kishale kinachopepesa huzunguka, watu hupongezana, na anayefuatilia kwa mbali hudhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mfumo unaweza kuwaka, ukapokea amri, ukaorodhesha mafaili vizuri kabisa, na papo hapo ukawa unaharibu baiti chache katika kila faili kubwa linaloandikwa diskini. Kati ya "umewaka" na "unategemewa" kuna kazi ndefu ya upimaji, na ugumu wake hauko katika kuona kwamba kuna kosa. Kosa litajionyesha lenyewe. Ugumu ni kujua kosa ni la nani: la keneli (kiini cha mfumo), la kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine), la femwea (programu iliyomo kwenye mashine tangu kiwandani), la programu ya kawaida, au la mashine yenyewe iliyochoka.

Kinachohamishwa ni nini

Mfumo endeshi wa Unix ulipoandikwa upya kwa lugha ya C mwaka 1973, mfumo mzima uliweza kubebwa kutoka prosesa moja hadi nyingine bila kuandikwa tena tangu mwanzo. Mwaka 1977 jambo hilo lilikuwa likifanyika pande mbili za dunia. Katika Chuo Kikuu cha Wollongong, Australia, Richard Miller aliipeleka Unix kwenye mashine ya Interdata 7/32. Huko Bell Labs, Marekani, Steve Johnson na Dennis Ritchie walikuwa wakihangaika na Interdata 8/32. Yaliyowasumbua watu wa kizazi kile bado yanatusumbua.

Sehemu kubwa ya mfumo endeshi haijali prosesa ni ya aina gani. Namna ya kupanga mafaili, itifaki za mtandao, haki za watumiaji: hayo yote yameandikwa kwa C na kompaila huyageuza kuwa lugha ya mashine. Kinachobaki ni tabaka jembamba lenye ukaidi. Mfumo unaanzaje? Kurasa za kumbukumbu, yaani vipande inavyogawanywa, zinapangwaje? Ishara za kukatiza kutoka kwenye vifaa zinapokelewaje? Hali ya prosesa inahifadhiwaje kazi moja inapopisha nyingine, na saa inasomwaje? Tabaka hilo ndilo anayehamisha mfumo hukaa nalo miezi, na ndilo kila mtu hutegemea liwe na makosa.

Yanayoshangaza hutoka kwenye ile sehemu "isiyojali". Msimbo uliokulia kwenye mashine moja hujifunza tabia zake bila mwandishi kutambua. Chukua mpangilio wa baiti. Namba ya biti 16 ina baiti mbili. Kuna mashine zinazotanguliza baiti yenye thamani kubwa, na kuna zinazotanguliza ndogo. Msimbo uliozoea mpangilio mmoja ukipelekwa kwenye mwingine, baiti hupishana mbili mbili, na neno UNIX huchapwa NUXI. Hadi leo kosa la namna hiyo huitwa tatizo la NUXI.

Kundi la Dave Cutler lililojenga Windows NT lililijua hilo, na likaamua jambo ambalo mimi huliona la busara sana. Lilianza kujenga kwa prosesa ya Intel i860, likahamia prosesa ya MIPS, na x86, familia ya prosesa za kompyuta nyingi za kawaida, iliyokuwa ndiyo soko lenyewe, ikaja baadaye. Nia ilikuwa kuzuia mazoea ya x86 yasipenye kwenye msimbo kimyakimya. Mifumo mingi haikupata bahati hiyo. Ilizaliwa kwenye x86, ikakua kwenye x86, na siku ya kuhama ndipo deni linapodaiwa.

Moja ya madeni hayo ni namba zisizokaa kwenye mipaka yake. Prosesa za x86 zinakubali kusoma namba ya baiti nne kutoka anwani yoyote. Prosesa za SPARC hazikubali: anwani isipogawanyika kwa nne, programu inakatwa palepale. Hilo walau linaonekana. Baadhi ya prosesa za RISC-V hufanya kitu kibaya zaidi kwa mpimaji: usomaji wa aina hiyo hupelekwa kwa femwea, nayo huufanya kwa niaba ya prosesa, polepole sana. Hakuna kinachoanguka. Unachoona ni programu iliyokuwa nyepesi ikitambaa, na unaanza kuilaumu diski.

Deni jingine ni ukubwa wa kurasa za kumbukumbu. Mradi wa Asahi ulipoipeleka Linux kwenye kompyuta za Apple zenye prosesa ya M1, keneli ilitumia kurasa za kilobaiti 16 badala ya zile 4 zilizozoeleka. Keneli ilikuwa salama. Zilizoanguka ni programu za kawaida, zikiwemo zilizobeba jemalloc (maktaba ya kugawa kumbukumbu) iliyojengwa kwa kudhani kwamba ukurasa ni kilobaiti 4. Mtumiaji aliyeona kivinjari kikizimika angeweza kuapa kwamba uhamisho wenyewe ni mbovu, kumbe kosa lilikuwa limelala kwenye programu ile kwa miaka.

Lakini mfano unaonikera kuliko yote ni wa prosesa za Alpha za kampuni ya DEC. Zile za kwanza, zilizotoka mwaka 1992, hazikuwa na amri ya kuandika baiti moja peke yake. Ili kubadilisha baiti moja, prosesa ilisoma kipande cha baiti nne au nane, ikabadilisha baiti inayotakiwa, kisha ikakirudisha kipande kizima. Sasa weka prosesa mbili, kila moja ikibadilisha baiti yake, na baiti hizo ni jirani. Mmoja atarudisha kipande chenye thamani ya zamani ya jirani, na alichoandika mwenzake kitapotea. Ukiusoma msimbo wa C mstari kwa mstari hutaona kosa, kwa kuwa katika C hakuna kosa. Amri za baiti ziliongezwa kwenye 21164A mwaka 1996. Linux ilipoziacha prosesa za kabla ya hapo katika toleo la 6.10, mwaka 2024, ukosefu wa amri hizo ulikuwa miongoni mwa sababu.

Kiigizi na mipaka yake

Kiigizi ni programu inayojifanya mashine. Kinachotumika zaidi ni QEMU, kilichoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2003, na sehemu kubwa ya uhamisho wowote siku hizi huanzia humo. Hilo ni sawa kabisa. Ndani ya kiigizi unaweza kusimamisha prosesa katikati ya amri, ukachungulia kila rejista (hifadhi ndogo ndani ya prosesa), ukaanza upya ndani ya sekunde. Anayeidharau QEMU hajawahi kusubiri wekstesheni (kompyuta ya mezani yenye nguvu, ya kazi nzito) ya miaka ya 1990 imalize kuikagua kumbukumbu yake kabla ya kuanza.

Ila kuna kitu QEMU haiigizi: kache, yaani kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu na prosesa. Na humo ndimo yanamojificha makosa mabaya zaidi.

Diski, kadi ya mtandao na vifaa vingine vya kasi havimpi prosesa data mkononi. Huandika vyenyewe moja kwa moja kwenye RAM, kisha hutuma ishara kwamba kazi imekwisha. Ikiwa prosesa ilikuwa na nakala ya zamani ya eneo hilo kwenye kache yake, itasoma nakala ya zamani na kuamini kwamba ndiyo data iliyotoka diskini. Kwenye baadhi ya mashine maunzi yenyewe huhakikisha kache na vifaa vinakubaliana. Kwenye nyingine kazi hiyo ni ya keneli, ambayo inapaswa kusafisha kache kwa wakati wake. Keneli ikisahau mahali pamoja tu, QEMU haitalalamika, maana humo hamna nakala ya zamani ya kusomwa.

Tazama kilichotokea na MIPS R10000 ndani ya wekstesheni za kampuni ya SGI. Prosesa hiyo ya mwaka 1996 hubahatisha mbele: ikifika kwenye njia panda ya msimbo, huendelea na upande inaodhani ndio utakaochukuliwa, bila kusubiri jibu. Ikigundua imekosea, hutupa matokeo. Tatizo ni kwamba uandishi wa kubahatisha, hata ukitupwa, huwa umeshauvuta mstari wa kumbukumbu kwenye kache na kuutia alama kwamba umebadilishwa. Baadaye mstari huo hurudishwa kwenye RAM. Ikiwa katikati ya hapo diski imeandika data mpya mahali palepale, data mpya hufunikwa na ya zamani.

Kwenye Octane, moja ya wekstesheni hizo, jambo hili halisumbui, kwa sababu maunzi yake hulinganisha kache na vifaa. Kwenye Indigo2 na O2 zenye prosesa hiyohiyo, linasumbua sana. Keneli peke yake haikuweza kulimaliza. Kompaila ya GCC ilibidi iongezewe chaguo la -mr10k-cache-barrier, linaloiamuru kompaila ipande vizuizi ndani ya msimbo kabla ya uandishi unaoweza kubahatishwa. Yaani tabia ya maunzi ilidhibitiwa na kompaila ili keneli ipone. Hakuna dalili hata moja ya hayo ambayo ingeonekana kwenye kiigizi, na hata kwenye mashine halisi mwenye Octane na mwenye Indigo2 wangebishana usiku kucha, kila mmoja akisema kweli.

Kuna na suala la mpangilio wa kusoma na kuandika. Prosesa moja ikiandika A kisha B, je, nyingine lazima ione A kabla ya B? Kwenye x86, ndiyo. Kwenye ARM, POWER na RISC-V, si lazima, isipokuwa umeweka kizuizi, yaani amri inayolazimisha mpangilio huo. Alpha ililegeza kuliko zote: prosesa ingeweza kukuonyesha kielekezi kipya lakini data ya zamani kwenye anwani kinakoelekeza, na Linux ilibidi ibuni kizuizi maalumu kwa ajili yake. Sasa, kiigizi kinachoendeshwa juu ya x86 hurithi ukali wa x86. Msimbo uliosahau kizuizi utapita vizuri humo mwaka mzima, halafu utaanguka kwenye mashine halisi pale tu prosesa zote zikiwa na kazi.

Kwa nini wekstesheni

Ubao mdogo wa majaribio ni rahisi kuupata, na wasanidi wengi huanzia hapo. Wekstesheni inaongeza mambo yanayoubana mfumo: prosesa zaidi ya moja, nafasi za kadi, vidhibiti vya diski vya aina tofauti, na kumbukumbu nyingi. HiFive Unmatched ya SiFive, yenye prosesa za RISC-V, gigabaiti 16 za RAM na nafasi ya kadi ya PCI Express, ilipendwa na wahamishaji kwa sababu hiyo hasa. Ilikuwa kompyuta ya mezani kamili, ya kuwekea kadi ya michoro na kuifanyia kazi.

Wingi wa kumbukumbu peke yake ni kipimo. Vifaa vingi vya zamani, na baadhi ya vipya vya bei nafuu, vinaelewa anwani za biti 32 tu, yaani haviwezi kufika juu ya gigabaiti 4. Draiva (programu inayoendesha kifaa) isiyojua hilo hukipa kifaa anwani ya juu zaidi, kifaa hukata biti za mbele na kuandika mahali pengine kabisa. Kwenye mashine yenye gigabaiti 2, draiva hiyo ni timamu. Kwenye yenye 8, inaua. Ndiyo maana ripoti inayosema "kwangu inafanya kazi" bila kutaja kiasi cha RAM haina uzito.

Kabla ya kuwasha

Kwanza mashine yenyewe ipimwe kwa mfumo wake wa asili. Kama ni SGI, iendeshe IRIX; kama ni Sun, Solaris; iache ifanye kazi nzito kwa saa kadhaa. Ikikwama hapo, umeokoa wiki nzima ya kumlaumu msanidi asiye na hatia. Mashine za zamani zina maradhi yanayojulikana: kapasita za kitengo cha umeme zilizovimba, diski zilizochoka, moduli za RAM zinazokosea zikipata joto. Wekstesheni za Sun za miaka ya 1990 zina la kwao, chipu ya NVRAM, inayohifadhi mipangilio ya mashine, yenye betri ndani yake. Betri ikifa, mashine inasahau hata anwani yake ya Ethernet, hulalamika kwamba yaliyomo kwenye IDPROM (sehemu yenye utambulisho wa mashine) si sahihi, na haiwezi kuanza kupitia mtandao hadi uandike thamani hizo upya kwa mkono kwenye kishale cha OpenBoot, femwea ya Sun.

Pili, usitegemee skrini. Michoro ndiyo huja mwisho katika uhamisho wowote, na keneli inayokufa mapema hufa kabla skrini haijaamka. Chombo cha mpimaji ni mlango wa siriali: kebo moja, kompyuta nyingine upande wa pili, na programu inayohifadhi kila herufi kwenye faili. Kasi ya kawaida kwenye mashine za zamani ni biti 9600 kwa sekunde. Kila herufi hubeba biti 10 ukihesabu zile za mwanzo na mwisho, kwa hiyo ni herufi 960 kwa sekunde, na mstari wa herufi 80 huchukua karibu sekunde 0.08. Kwa prosesa, huo ni muda mrefu mno, na una matokeo yake: ukiongeza mistari ya kuchapa ili ukamate kosa la mgongano wa prosesa mbili, ucheleweshaji huo huo unaweza kulifukuza. Mistari ikiondolewa, kosa linarudi. Hilo likitokea, tayari umejua kwamba unashughulika na kosa la muda, na hiyo ni nusu ya jibu.

Tatu, anza kupitia mtandao. Seva ya TFTP inayoipa mashine keneli mpya hukuwezesha kubadilisha keneli bila kugusa diski, na kurudi kwenye nzima pale mpya inapogoma. Kila chapa ina visa vyake. Wekstesheni za Sun, kwa mfano, huomba faili ambalo jina lake ni anwani ya IP iliyoandikwa kwa namba za msingi wa 16: 192.168.1.5 hugeuka C0A80105. Usipolijua hilo utaikodolea macho seva ukidhani mtandao umekatika.

Na diski ya majaribio iwe ya majaribio. Sina la kuongeza hapo.

Kupanda ngazi

Herufi ya kwanza kwenye mlango wa siriali inakuambia kwamba femwea imeipakia keneli na prosesa inatekeleza amri zake. Hatua inayofuata, kuwasha usimamizi wa kurasa, ndiyo inayoua keneli nyingi changa: amri moja kabla, anwani ni halisi, amri moja baadaye, anwani ni dhahania, na kama jedwali la kurasa linalozitafsiri lina kosa hata prosesa haijui iende wapi. Herufi zikikatika ghafla hapo, usitafute kwingine.

Kisha saa. Wengi huiruka hatua hii. Andika sleep 60 na utazame saa ya ukutani. Ikichukua sekunde 30 au 120, mzunguko wa kipima muda umesomwa vibaya, na kila kitu kinachotegemea muda kitakuwa na kasoro usizoweza kuzifasiri: diski "zisizojibu", miunganisho ya mtandao inayokatika, madraiva yanayokata tamaa mapema. Nimeona mijadala mirefu kuhusu kadi mbovu ya mtandao ambayo ingeisha kwa dakika moja ya kutazama saa. Kwenye mashine ya prosesa nyingi, hakikisha pia muda haurudi nyuma kazi inapohama kutoka prosesa moja kwenda nyingine.

Diski hupimwa kwa faili kubwa kuliko RAM. Nakili, piga hesabu ya SHA-256 (namba inayotambulisha yaliyomo kwenye faili), zima mashine kabisa, washa, piga hesabu tena. Faili dogo halipimi chochote, maana huenda unasoma nakala iliyobaki kwenye kumbukumbu na diski haijaguswa. Hesabu zikitofautiana, linganisha mafaili yote mawili baiti kwa baiti na uangalie ukubwa wa sehemu iliyoharibika. Ikiwa ni baiti 32, 64 au 128 na imeanzia kwenye mpaka wake, hilo ni mstari wa kache, rudi kwenye habari ya R10000. Ikiwa ni 512, mtuhumiwa ni draiva ya diski. Ikiwa ni 4096 au 8192, jedwali la kurasa lina la kujibu. Biti moja moja zilizotawanyika zinaelekeza kwenye RAM mbovu au kebo. Sijui kipimo kingine chenye faida kubwa kwa gharama ndogo namna hii.

Baada ya hapo mfumo ujijenge wenyewe. Mwanzoni kila kitu hujengwa kwenye mashine nyingine yenye kasi. NetBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix, imerahisisha hilo kwa hati yake ya build.sh, inayoweza kujenga mfumo mzima kwa ajili ya prosesa tofauti. Lakini siku mashine inapoweza kujijengea mfumo wake bila msaada, imepita mtihani unaogusa kumbukumbu, diski, mgawanyo wa kazi na saa kwa wakati mmoja, kwa saa nyingi mfululizo. Kujenga GCC kunaongeza ukali. Hujengwa mara tatu: kompaila iliyopo huijenga ya kwanza, ya kwanza huijenga ya pili, ya pili huijenga ya tatu. Ya pili na ya tatu zinapaswa kufanana. Zisipofanana, ujenzi husimama na kukwambia kwamba ulinganisho umeshindwa, na unajua kwa yakini kwamba mahali fulani prosesa, kumbukumbu au kompaila imetoa jibu lisilo sahihi.

Majaribio rasmi yapo pia, na yatumike: NetBSD ina ATF, Linux ina LTP iliyoanzishwa na SGI. Hupima maelfu ya pembe ambazo binadamu hazikumbuki. Ila hupima zaidi tabia ya kila sehemu ikiwa peke yake, na mashine huanguka pale sehemu zinapokutana.

Kosa ni la nani

Hapa ndipo watu huanza kutafuta mchawi. Swali la kwanza liwe moja tu: likirudiwa, linatokea mahali palepale? Ujenzi unaokatika kila mara kwenye faili lilelile, mstari uleule, karibu hakika ni programu, iwe kompaila au keneli. Ujenzi unaokatika leo hapa na kesho kule, kompaila ikifa kwa ishara namba 11 (ya kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa), ni tabia ya RAM mbovu au joto. Wajenzi wa Linux waliijua dalili hiyo tangu miaka ya 1990. Katikati ya hayo mawili kuna makosa ya kache na ya mgongano, yanayotokea mara kwa mara lakini si kila mara, na huongezeka mzigo ukiongezeka. Ondoa prosesa zote ubaki na moja. Kosa likipotea, umepunguza eneo la kutafuta mno.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wazoefu. Femwea ikipakia keneli kupitia mtandao, huwa imeiamsha kadi ya mtandao. Draiva inayosahau kuiamsha kadi yenyewe itafanya kazi bila shida, kwa sababu imekuta kazi imefanyika. Anzisha mashine hiyohiyo kutoka diskini na kadi iko kimya. Vivyo hivyo kwa kuanza upya bila kuzima umeme: mfumo uliotangulia umeacha vifaa katika hali nzuri, na mgeni anasifiwa kwa kazi ya aliyeondoka. Kwa hiyo kila jaribio muhimu lirudiwe baada ya kuuchomoa waya wa umeme na kusubiri kidogo.

Femwea nayo hudanganya. Mashine huieleza keneli vifaa vyake kwa jedwali fulani, iwe mti wa vifaa uliorithiwa kutoka Open Firmware au majedwali ya ACPI, na majedwali hayo huandikwa na watu waliokuwa na mfumo mmoja tu wa kuyapima. Ishara ya kukatiza iliyoandikwa vibaya haikuonekana kiwandani ikiwa draiva ya kiwanda haikuisoma. Kabla ya kumwambia msanidi kwamba draiva yake ni mbovu, jaribu toleo jingine la femwea ikiwa lipo, na uandike namba za matoleo yote mawili.

Anachohitaji msanidi

Msanidi aliye mbali hana mashine yako. Ana maneno yako tu. Mpe batli nzima (maandishi yote yaliyochapwa) ya mlango wa siriali kuanzia herufi ya kwanza, wala si mistari mitatu ya mwisho, kwa sababu chanzo cha kifo mara nyingi kimeandikwa mistari mia mbili nyuma kama onyo dogo. Mpe modeli kamili, idadi ya prosesa, kiasi cha RAM, toleo la femwea, toleo la kompaila na namba ya mabadiliko ya msimbo chanzo uliotumia. Mwambie pia yaliyofanya kazi. Hilo husahaulika na humwokolea muda mwingi. Hifadhi faili la keneli ambalo halijaondolewa majina ya ndani. Anwani zilizochapwa wakati wa kuanguka hazina maana bila faili hilohilo, na keneli iliyojengwa upya, hata kwa msimbo uleule, inaweza kuwa na anwani tofauti.

Kama toleo la zamani lilifanya kazi na jipya halifanyi, usibashiri. Chukua mabadiliko yaliyo katikati, jaribu lililo katikati kabisa, tupa nusu, rudia. Mabadiliko 1000 yanahitaji majaribio 10 tu, na amri ya git bisect inakuhesabia. Ni kazi ya kuchosha kwenye mashine inayochukua dakika kadhaa kuanza, lakini mwisho wake ni jina la badiliko moja, na hapo mjadala hufupika ghafla.

Ripoti za namna hii ndizo zinazoamua hadhi ya uhamisho. NetBSD hugawa majukwaa yake katika madaraja matatu: yanayopewa kipaumbele, yanayokwenda kwa nguvu za wanaoyapenda, na yaliyo mahututi. Linux haina madaraja rasmi, ila ina mlango wa kutokea. Itanium, iliyoingia sokoni mwaka 2001, ilisitishwa na Intel mwaka 2021. Msimbo wake ulikuwa tayari hauna mtunzaji, na ukaondolewa katika toleo la 6.7 lililotoka Januari 2024. Wachache wenye mashine hizo bado wanaendelea kuutunza na kuupima, nje ya Linux rasmi, kwenye tawi lao wenyewe.